Bakteria Wema wa Sharubati

Redio ya kinyozi ilisema watafiti wanachunguza kama bakteria waishio tumboni wana uhusiano na saratani ya tezi dume, na kwamba jibu kamili bado halijapatikana. Wazee waliosubiri kunyolewa wakanyamaza ghafla, kila mmoja akichunguza viatu vyake. Hakuna aliyewahi kupima, wala aliyetaka kuulizwa.

Tapeli mmoja kwenye foleni, aliyeitwa Sharubati kwa utamu wa ulimi, alisikia ukimya ule ukinukia pesa.

Kesho yake akarudi na koti jeupe na kikapu cha mtindi wa dukani, lebo mpya zikiwa bado na gundi mbichi.

"Baba zangu, humu mna bakteria wema! Wakifika tumboni wanapiga kambi mlangoni kwa tezi. Saratani ikija, inadaiwa kitambulisho!"

Wazee wakacheka. Mikono ikaanza kuzama mifukoni. Hapo dada yake kinyozi, mama mnene mwenye sauti ya upole, akajipenyeza mbele.

"Daktari, mwanangu, hawa kaka zangu waoga. Wewe mwenyewe umepima?"

"Mimi? Kila mwaka!"

"Basi pima na leo, waone. Zahanati hiyo hapo ng'ambo. Ukitoka salama, watakununulia kikapu chote."

Sindano moja tu, kikapu kizima! Sharubati akavuka barabara kwa madaha, wazee kumi na mmoja wakimfuata unyounyo.

Ndani, yule mama akavua mtandio mpana aliojifunika. Chini yake sare ya muuguzi. Sharubati hakuwa ameuliza kazi yake.

"Miaka mitatu nawabembeleza hawa waje kupima," alimnong'oneza akimfunga mpira mkononi. "Wewe umewaleta kwa dakika tano. Mungu akuzidishie."

Aliyejaribu kurudi nyuma alizomewa: "Hata daktari kachomwa!" Walipokwisha kutolewa damu wote, muuguzi akafungua kikapu. "Kunyweni, daktari anawakaribisha."

"Mama, hiyo ni dawa ya kuuza!"

"Dawa?" Akanyanyua simu. "Nitajie jina lake, niwaulize wakaguzi wa dawa."

"Ni mtindi tu," Sharubati akasema kwa sauti ndogo kama ya mbu.

"Mtamu kweli!" mzee mmoja akashangilia, akipangusa ndevu.

Sharubati akafika mlangoni na kikapu kitupu. Maisha yake yote hakuwahi kulala tena katika mji aliokwisha kuutapeli. Akageuka.

"Mama… majibu yangu yanatoka lini?"

"Ijumaa, mwanangu."

Akahesabu siku kwa vidole, akaenda kutafuta chumba cha kupanga.