Fleti ya Shangazi, Ghorofa ya Tisa

Jumatatu, 3 Machi

Nimehamia kwa Dogo. Kwa muda tu, nimemwambia, chumba changu kinapakwa rangi. Uongo mtupu. Chumba changu kiko nyuma ya gereji wanakopulizia magari rangi, kwa hiyo rangi ipo kila siku, ila haikai ukutani. Inakaa kifuani mwangu. Nakohoa rangi ya fedha.

Dogo ni mtoto wa baba mdogo. Anafanya kazi maabara ya hospitali. Na fleti si yake! Ni ya Shangazi yetu, aliyestaafu akaenda kufuga kuku shambani na kumwachia Dogo aitunze. Mimi, mtoto wa kaka yake mkubwa, sikukumbukwa. Nachonga funguo za nyumba za watu kutwa nzima, mwenyewe sina mlango wa maana.

Chumba cha kulala ni kimoja tu, lakini ni chumba! Unazunguka kitanda pande zote bila kujigonga goti. Sebule unaweza kuchezea mpira. Huko chini kuna bawabu anayefungua mlango kabla hujaufikia, dada wa mapokezi, dobi, fundi wa zamu, na bwawa la kuogelea. Balbu ikiungua hupandi kiti, unapiga simu. Dogo hajui hata taka zake zinakwenda wapi.

Shangazi anakuja Jumamosi ya wiki ijayo. Amechoka na mambo ya mjini, anataka fleti aikabidhi moja kwa moja. Kwa nani, hajasema. Mimi sina wivu. Nataka haki tu.

Jumanne, 4 Machi

Nimelala kwenye kochi. Ni laini kuliko kitanda changu. Nimeamka na hasira.

Wakati wa chai Dogo kaniuliza eti napenda mapazia ya rangi gani. Nikasema kijani. Akasema hata yeye alidhani hivyo, akatabasamu. Kujishaua huko! Mimi dirisha langu nimeziba kwa boksi la friji, na friji yenyewe haikuwa yangu.

Nimepata mpango. Shangazi hapatani kabisa na watu wakorofi. Basi Dogo na awe mkorofi! Alipokwenda kazini nilipiga simu ya mapokezi, nikaigiza sauti yake, nikafoka. Bomba la bafuni linadondosha! Jiko limezeeka! Nyie kazi yenu nini, kusinzia? Nikakata kabla dada wa watu hajajibu. Jina la Dogo limekwisha kuoza jengo zima. Simba mwenda pole ndiye mla nyama.

Alhamisi, 6 Machi

Lo! Kumbe hapa wakisema huduma, ni huduma kweli.

Fundi hakutengeneza bomba. Kabadilisha bafu lote. Sasa maji ya moto yanamwagika kutoka juu kama mvua ya masika. Jiko jipya limeletwa na wanaume wawili waliovaa glavu. Halafu msimamizi wa jengo akapanda mwenyewe na kapu la matunda kuomba radhi. Akasema tangu Dogo ahamie hajawahi kulalamika hata mara moja, kwa hiyo mpaka mtu kama huyo apandishe sauti, basi kosa ni la jengo.

Dogo alishangaa, akashukuru, akanichagulia chungwa kubwa kuliko yote. Nikalila kwa uchungu. Lilikuwa tamu.

Nimeoga mara tatu. Hasira tu.

Ijumaa, 7 Machi

Mpango wa pili: kelele. Nilifungulia redio mpaka vijiko vikacheza kabatini. Nilitaka majirani waje juu kwa makundi, wamchukie Dogo.

Akaja mmoja tu. Daktari wa meno, fleti ya mkabala, mtu mnene mpole, ndara za manyoya miguuni. Nikajiandaa kutukanwa. Wapi! Akasema anaelewa, kuta za hapa ni nyembamba, na akanisihi tusijisumbue, yeye atazungumza na msimamizi. Alasiri mafundi wakaja kuziba kuta kwa magodoro maalumu ya kuzuia sauti. Sasa sebule imetulia, hata kumeza mate yako unakusikia. Nimezidi kuipendezesha nyumba ya adui yangu!

Daktari alipokuwa akiondoka akaniambia kwamba fleti yetu anaitamani mno kwa ajili ya mama mkwe wake. Amembembeleza Shangazi mwaka mzima auze, Shangazi kakataa katakata. Nikamwambia foleni ni ndefu.

Jumapili, 9 Machi

Kikulacho ki nguoni mwako. Leo nimeyaona kwa macho yangu.

Mchumba wa Dogo amekuja. Ni mwalimu wa hesabu, na ana futi ya kupimia kwenye mkoba kama wenzake walivyo na wanja. Akapima chumba cha kulala, akapima kabati, wakanong'onezana. Nikasikia Dogo akisema Shangazi amekwisha kukubali, kilichobaki ni siku yenyewe. Amekwisha kukubali! Kumbe mimi nahangaika na mabomba, wenzangu walishamaliza kila kitu!

Halafu shemeji mtarajiwa kanigeukia, kaniuliza nina suti ngapi. Nikasema nyingi. Ninayo moja, ya misiba. Dogo naye akauliza mgongo wangu unapenda godoro gumu au laini. Mgongo wangu unamhusu nini? Mtu anakunyang'anya nyumba, kisha anakuuliza unavyolala! Nikasema gumu, kwa sababu moyo wangu ulikuwa mgumu. Akaandika kwenye simu yake.

Jumanne, 11 Machi

Liwalo na liwe. Nikikosa mimi, na yeye akose.

Nimempigia Shangazi. Sikumsema Dogo kwa ubaya, mimi si mtu wa fitina. Nilisema tu kwamba jengo linazama. Polepole, upande wa bwawa. Nikasema lifti hukwama na watu ndani mpaka wanasahau walikuwa wanakwenda wapi. Nikasema kunguni. Nikasema wakubwa wa jengo wanaficha, na Dogo, masikini, hajui kitu, ndiyo maana sipati hata hamu ya kula kwa kumfikiria.

Kuku wa Shangazi wakasikika. Kisha akasema kwamba katika ukoo mzima ni mimi peke yangu ninayemwambia ukweli. Aliniita mwanangu. Akasema nisimweleze mtu, atachukua hatua haraka.

Nimekula mkate mzima.

Alhamisi, 13 Machi

Nimekutana na daktari wa meno kwenye lifti. Alinikumbatia! Akaniahidi kunisafishia meno bure, wakati wowote. Sijui kimempata nini. Labda ni zile dawa zao.

Jumamosi, 15 Machi

Shangazi amefika. Nilivaa suti.

Dogo alikuwa anachekacheka tangu asubuhi. Yeye na mchumba wake walitundika mapazia mapya, ya kijani. Chumbani kuna godoro jipya, gumu. Shangazi alipomaliza chai, Dogo akamwambia, haya Shangazi, mwambie Kaka mwenyewe. Shangazi akaanza kulia.

Nitaandika alivyosema, ingawa mkono hautaki.

Dogo anaoa. Hospitali imempa nyumba ya wafanyakazi, wanahamia huko. Tangu mwaka jana anamsihi Shangazi fleti nipewe mimi, kwa sababu Kaka anaishi nyuma ya gereji na kifua kinamwisha. Shangazi akakubali. Leo nilikuwa nikabidhiwe. Mapazia ni yangu. Godoro ni langu. Kabati lilipimwa kwa ajili ya suti zangu nyingi.

Lakini nilipompigia simu, akasema Shangazi, aliona Mungu amenileta nijiokoe mwenyewe. Angemwekaje mtoto wa kaka yake kwenye jengo linalozama? Jumatano alimuuzia daktari wa meno. Alimweleza kila kitu, hata kunguni. Daktari akasema potelea mbali, mama mkwe wake ni mtu wa kuvumilia.

Dogo akakodoa macho. Jengo linazama? Tangu lini? Nikamkanyaga mguu chini ya meza.

Shangazi akanishika mikono miwili, akasema roho safi kama yangu hazizaliwi tena. Akasema tusihuzunike, fedha ya fleti atanunulia kiwanja jirani na shamba lake, ajenge nyumba ndogo ya mmoja wetu. Nani, tutajua baadaye. Nikasema ahsante. Ningesema nini? Kisha nikaingia bafuni, nikafungulia maji ya moto, nikalia mpaka vidole vikakunjamana.

Jumapili, 23 Machi

Niko kwa Dogo, nyumba ya hospitali. Chumba changu cha gereji kimekwisha kupangishwa mtu mwingine, ng'ombe wa maskini hazai. Wamenipa chumba cha nyuma. Dirisha moja. Chao kina mawili, nimeyahesabu kutoka nje.

Kikohozi kimepungua, lakini leo moyo umewaka upya. Wakati wa chakula Dogo kaniuliza: kama mtu anajenga, baraza ielekee barabarani au shambani? Matofali ya kuchoma au ya saruji? Akamtazama mchumba wake, wakacheka. Shemeji akatoa futi.

Nimeelewa! Kiwanja kapewa yeye! Kazi anayo, nyumba ya hospitali anayo, mke anampata, na bado kiwanja cha Shangazi akimezee mate! Mtu mmoja! Na anathubutu kuniomba ushauri mimi, niliyepoteza kila kitu!

Nikamjibu kwa adabu: barabarani, matofali ya kuchoma. Akaandika kwenye simu.

Kesho asubuhi nampigia Shangazi. Nitamwambia kile kiwanja hujaa maji.