Daktari Asiyepokea Mbuzi

Jumanne, 5 Agosti

Baridi. Mawingu yameukalia mlima Iveti kama kuku wa kuatamia. Kavindu bado hanisemeshi. Huyu ni mke wangu wa ndoa, mama wa watoto wangu, na siku hizi anaongea na mbwa. Asubuhi alisimama mlangoni akamwambia Simba amjulishe mwenye boma kwamba uji uko mezani. Simba akanitazama kwa huruma. Nikamwambia amshukuru mama. Hakufikisha.

Kosa langu ni nini? Kuchangamsha watu! Ilikuwa ntheo, sherehe ya posa ya mjukuu wetu, mbuzi wa posa wameletwa, wakwe wamejaa hema, wote wamenuna kwa baridi. Nikapewa kipaza sauti. Nikawaambia kwamba Kavindu, mwenyekiti wa kwaya ya kina mama, hajui kusoma hata herufi. Anafungua kitabu cha nyimbo popote na kuimba kwa kichwa, na Krismasi moja alikishika juu chini, chini juu. Hema lilicheka. Mimi nilicheka kuliko wote. Kavindu hakucheka. Amemwambia Simba kwamba hilo aliniambia mimi peke yangu, tukiwa vijana, na akaniomba nisiseme. Lakini siri iliyozeeka namna hiyo bado ni siri? Hiyo ni historia!

Binti yetu Mukai amepiga simu kutoka Syokimau. Amesema kuna mwanasaikolojia mjini Machakos, juu ya duka la dawa za mifugo, na ameshanilipia. Mwanasaikolojia! Neno refu kama reli ya Mombasa. Nimekubali haraka. Kesi yangu ni nzuri.

Jumatano, 6 Agosti

Maandalizi. Mtu haendi mbele ya wazee mikono mitupu. Wazee wa kwetu hawafungui midomo kusikiza kesi mpaka waone mbuzi. Nimechagua yule dume mwenye pembe moja. Si mzuri sana, lakini kesi yenyewe si kubwa sana.

Shahidi nimepata: Musili, rika langu. Alikuwa pale kwenye ntheo, nyuma ya sufuria. Nimemhoji. Anakumbuka nyama vizuri. Maneno hakumbuki. Nimemfundisha maneno.

Alhamisi, 7 Agosti

Aibu! Daktari ni msichana. Jina lake Nyakio, miwani, sauti kama maji ya mtungi. Mbuzi alipanda ngazi mwenyewe, akaingia mapokezi, akala ua la plastiki. Karani, kijana anayeitwa Justus, aliniomba nimrudishe chini. Nyakio akatoka, akanisalimu kwa heshima zote, shikamoo baba, akasema hawapokei mbuzi. Nikafikiri ni mdogo mno. Nikaahidi fahali. Hawapokei fahali.

Musili naye akazuiwa mlangoni! Chumbani anaingia mgonjwa tu. Nyakio akasema wala si lazima tuseme mgonjwa. Musili akabaki kwenye kochi la mapokezi, akalala, akakoroma mpaka mwisho. Anasema ni huduma bora kuliko zote Machakos.

Ndani nilieleza kesi yangu kwa ufasaha. Nikangoja hukumu. Hakuna! Nyakio akasema yeye hahukumu. Kikao cha kwanza ni cha kujuana: nini kimenileta, nataka nini kibadilike. Nikasema nataka Kavindu apatikane na hatia. Akauliza, na zaidi ya hapo? Nikasema nataka aniite kwa jina. Ilinitoka tu. Wale watu wana ujanja.

Nikamwomba basi sindano. Hana. Vidonge? Haandiki vidonge, akiona mtu anahitaji, anamwelekeza kwa daktari wa dawa. Nikaomba anisemee kwamba mdomo wangu ni ugonjwa, nimezaliwa nao. Akatabasamu, akakataa. Akasema ninayosema mle yanabaki mle, isipokuwa akiona kuna mtu atadhurika, mimi au mwingine. Naweza kuja peke yangu, au na mke wangu akipenda mwenyewe. Akipenda mwenyewe, alilirudia hilo kama mtu anayenijua. Na nikikosa kufika mjini, kuna kikao cha simu.

Simu! Nimerudi nyumbani nikipiga mluzi. Mbuzi pia amefurahi.

Jumamosi, 9 Agosti

Nimenunua laini mpya. Ni kazi ya siri. Naenda nyuma ya zizi, napiga simu ya Kavindu. Anapokea. Haloo? Ni nani? Haloo? Nakata. Leo nimepiga mara kadhaa. Anasema haloo vizuri sana.

Jumatatu, 11 Agosti

Mpango wa kikao cha simu. Mpango safi! Nilikaa jikoni, Kavindu akichambua maharagwe karibu nami, nikaweka simu sauti ya nje. Lengo: asikie kwa masikio yake daktari akisema amekosea.

Nyakio akauliza kwanza kama niko mahali pa faragha, peke yangu. Nikasema peke yangu kabisa, daktari, kama mtawa. Kisha nikauliza kwa sauti ya juu: mtu anayenuna wiki nzima, na nyingine, na nyingine, huo si wazimu?

Kavindu akaweka ungo chini. Akasema, "Mama, huyo ni mwongo, mimi niko hapa jikoni."

Ala! Ameongea! Lakini si na mimi. Nyakio akamwomba radhi, akasema hawezi kuendelea na kikao wakati mtu mwingine anasikilizishwa bila kuulizwa. Akawa anakata. Kavindu akasema ngoja. Akachukua simu yangu, akaenda nayo hadi kwenye mparachichi, wakaongea. Walicheka! Aliporudisha simu ilikuwa moto. Akamwambia Simba kwamba Alhamisi yeye ana miadi yake mjini.

Miadi yake! Kwa daktari wangu!

Alhamisi, 14 Agosti

Kavindu ameenda amevaa nguo ya Jumapili. Nikamfuata kwa mbali. Nililazimika kujua anasema nini juu yangu. Ni haki ya mshtakiwa.

Mbinu ya kwanza: Justus. Nikamletea parachichi, yale makubwa. Nikauliza tu, taratibu, kama Mama Mukai ameingia. Akasema hawezi kuniambia ni nani amekuja na nani hajaja. Nikamwambia nimemwona kwa macho yangu mawili akipanda ngazi. Akasema, "Mzee Maundu, macho yako ni yako, mimi sina la kusema." Huyo kijana hata ng'ombe akimkanyaga hatalia. Na redio ameiweka kando ya mlango wa Nyakio makusudi, nyimbo za injili, ili maneno yasipenye. Parachichi alinirudishia.

Mbinu ya pili: duka la chini. Nikamwambia mwenye duka natafuta dawa ya kupe. Alipoingia stoo nikapanda juu ya magunia ya chakula cha kuku, nikabandika sikio kwenye mbao za dari. Nikasikia mtu akicheka. Nani? Gunia likapasuka kabla sijajua. Nilitoka pale nimepakwa unga wa njano kama andazi. Kuku wa jirani wamenifuata hadi langoni.

Kavindu amerudi akiwa mwepesi. Amepika muthokoi, mahindi ya kukobolewa na maharagwe. Amemwambia Simba kwamba Jumanne tunaenda wote wawili.

Jumanne, 19 Agosti

Kikao cha wawili. Sheria ya Nyakio: mmoja anasema, mwingine anasikiliza, kisha anarudia alichosikia. Bila kuongeza chumvi. Alinitazama aliposema chumvi. Na asiyetaka kujibu jambo anaruhusiwa kusema hapana.

Kavindu akaanza. Nilipanua mdomo mara nyingi. Nyakio akainua kidole mara hizo zote. Kavindu akasema kushindwa kusoma hakumuumi, wenzake wengi wa rika lake hawakupelekwa shule. Kilichomuuma ni mimi. Akasema, "Nilidhani nimemwambia ukuta. Kumbe nilimwambia dirisha, na limefunguliwa upande wa barabarani." Akasema tangu siku ile akisimama kwenye kwaya anaona watu wanatazama kitabu chake, hawatazami uso wake.

Zamu yangu kurudia. Nikasema, amesema mimi ni dirisha zuri. Kidole. Nikaanza tena, nikatia mzaha kuhusu mapazia. Kidole. Mara ya tatu mzaha haukuja. Nikasema, alinipa mimi, nami nikagawia watu kama nyama. Halafu nikavuta kofia hadi machoni. Baridi ile.

Nyakio akaniuliza kama nina langu. Nikasema hapana, nina haki ya kusema hapana. Kisha nikasema ndiyo. Nikaeleza habari ya laini mpya, nyuma ya zizi, na haloo.

Kavindu akasema alijua tangu simu ya kwanza. Nani mwingine kijijini kwetu Mutituni anapumua kama trekta? Akasema ndiyo maana alikuwa akiongeza haloo moja ya bure.

Kwenye ngazi akaniambia, "Maundu, shika ukuta, utaanguka." Maundu! Nimeshuka kama bwana arusi.

Jumapili, 24 Agosti

Siku kubwa. Kanisani mchungaji aliuliza nani ana shukrani. Nikainuka. Niliona ni wajibu wangu kuwaelimisha wanaotaka kwenda kwa Nyakio kwa mara ya kwanza. Nikawaambia mbuzi abaki nyumbani. Shahidi pia. Sindano hakuna, hukumu hakuna, hutaulizwa kama una wazimu. Waweza kwenda ukiwa mzima, una jambo tu limekukaa kifuani. Hutasukumwa kusema usiyotaka. Na lililo kubwa, nikasema, yanayosemwa mle hayatoki nje kamwe.

Watu wakaitikia amina. Nikaona hawajaelewa vizuri. Nikawapa mfano. Nikasema, kwa mfano, Jumanne Kavindu aliniita dirisha.

Kanisa lilicheka hadi watoto wakaamka. Kavindu akatoka kwenye kwaya, taratibu, akanipokonya kipaza sauti. Nikajua nimekufa. Akawaambia juu ya laini mpya, zizi, na trekta. Aliigiza pumzi yangu! Mchungaji akalia machozi ya kucheka, akakaa chini. Musili alijipiga mapaja kwa kicheko. Hebu ona mtu anavyotoa siri za watu hadharani, tena kanisani! Nilitaka kukasirika. Lakini alipokuwa akirudi mahali pake Kavindu alikuwa anacheka, na kwaya ilipoimba kila mtu alikuwa anamtazama uso.

Ameongea njia yote hadi nyumbani. Amenilaumu kuhusu uzio, paa, kofia yangu, ndugu zangu, na jinsi ninavyotafuna. Sijasikia wimbo mtamu namna hiyo mwaka huu.

Kwa hiyo nimegundua kitu ambacho Nyakio na masomo yake yote hakukiona. Dawa ni kipaza sauti! Ndicho kilicholeta ugonjwa, ndicho kilichoponya. Nitampelekea habari hii bure.

Jioni, tukila, Kavindu akanisogelea. Akasema Mukai amekuwa akimfundisha herufi kwa simu, kila siku kidogo, na leo asubuhi alisoma mstari mzima wa wimbo kwa macho yake, sio kwa kichwa. Macho yalimng'aa kama msichana. Akaniapisha nisimwambie mtu yeyote mpaka amalize kitabu. Nimeapa. Nimeshika hadi Biblia. Shajara si mtu.

Jumamosi ijayo Musili anapokea mbuzi wa posa wa binti yake, na mimi ndiye msemaji. Nilikuwa sina la kusema. Sasa ninalo, na ni zuri mno, wakwe watalia. Nimemwambia Musili atafute spika kubwa.