Mkaguzi Wenu Anayekuja Kutazama Kama Nimeolewa

Mheshimiwa Mkurugenzi,
Mfuko wa Pensheni wa Madereva wa Malori ya Mpakani,
Busia.

Nakusalimu kutoka Nagongera, ambako mvua imetukumbuka na wimbi limeota vizuri shambani. Mimi ni Asekenye, mjane wa marehemu Olupot, dereva aliyechangia mfuko wenu mpaka alipofariki. Pensheni yake mnanilipa, fungu langu na fungu la mtoto, na ndiyo inayomsomesha kitinda mimba wetu Shallon. Mungu awabariki. Ila mna kanuni kwamba mjane akiolewa tena, pensheni yake inakatwa, na mnamtuma Bwana Osborn Oguttu kuhakikisha sijaolewa. Nalalamika juu yake kama ifuatavyo:

1. Anatakiwa kuja mara moja kwa mwaka. Mwaka wa kwanza alitii. Siku hizi anakuja kila Alhamisi na kusema, "Nilikuwa napita tu, Mama Shallon." Mheshimiwa, kutoka Busia mpaka mlangoni kwangu ni pikipiki mbili na matope. Alikuwa anapita kwenda wapi?

2. Kazi yake ni kutafuta dalili za mwanamume. Siku ya kwanza alikuta mlango umelegea, paa linavuja na ua umelala chini. Akaandika, "Hakuna mwanamume." Kisha akavua koti, akafunga bawaba mpya, akapanda kuziba paa. Alipokuja tena akausimamisha ua. Sasa nyumba yangu imejaa dalili za mwanamume, na zote zimeletwa na ofisi yako.

3. Anakula. Silalamiki kwa uchoyo, mgeni ni mgeni. Lakini nikimpa ugali wa wimbi na kunde zilizoungwa kwa karanga, anafumba macho na kusema, "Huko kwetu tunakula ili tusife tu." Mtu akisema hivyo, wewe ungeacha kumwongezea?

4. Jirani yangu Benedeta, ambaye macho yake hayapumziki hata Jumapili, aliwapigia simu kwamba kuna mwanamume anaingia kwangu. Mkaniandikia kwa ukali kwamba mtamtafuta mtu huyo. Na mkamtuma nani? Bwana Osborn. Alishinda kwangu kutwa nzima akimvizia. Hakumwona.

5. Mwenyekiti wa kijiji amekataa kusaini kwamba mimi bado ni mjane. "Nisaini vipi na mzee wa nyumba nimemwona juu ya paa?" Nikamweleza kuwa yule si mzee, ni ofisi ya pensheni. Akanijibu hajawahi kusikia ofisi ikiimba.

Olupot alikuwa mume mwema, nami nilimlia sawasawa. Baada yake nyumba ilinyamaza hata kuku wakawa wanatembea kwa adabu. Sasa kelele zimerudi, na mimi ndiye nitakayeadhibiwa kwa kelele za mfanyakazi wenu! Hiyo si haki.

Kwa hiyo naomba mniletee mkaguzi mwingine, ikiwezekana mwanamke, au mzee asiyejua kushika nyundo. Kama hayupo, basi mtume mkaguzi wa kumkagua mkaguzi. Huyo naye asije Alhamisi, viti ni viwili tu.

Nisalimie wote hapo ofisini, pamoja na yule askari wa getini aliyenipa kiti chake siku ya jua kali. Shallon anawasalimu, na hata Benedeta, maana najua mnaongea naye.

Ni mimi, mjane wenu mtiifu,
Asekenye

Tanbihi: Kabla sijafunga bahasha, Bwana Osborn ameingia. Ameketi, akatoa kalamu, akaniuliza swali lenu la kila mara: "Mama Shallon, una mpango wa kuolewa?" Leo nimejibu ndiyo. Akauliza kwa sauti ndogo, "Jina la mwanamume?" Nikamwambia aandike la kwake. Ameliandika vizuri, bila kukosea hata herufi moja. Fungu langu la pensheni likateni tu, ila la Shallon msiliguse. Na mkaguzi mwingine msimlete.