Kifaa cha Mama Mkwe na Bisibisi Yangu

Jumatatu, 3 Machi

"Usikifungue kifaa hiki. Ndani yake hamna sehemu yoyote ambayo mtumiaji anaweza kuitengeneza." Ndivyo kinavyosema kijikaratasi cha watengenezaji, kwa herufi za ukubwa wa sisimizi. Uongo mtupu! Kilichofungwa na mkono wa mtu hufunguliwa na mkono wa mtu. Na huyu "mtumiaji" wanamjua wao? Nimesoma historia, sheria, na kitabu kimoja cha umeme, hadi katikati.

Lakini niseme ukweli, maana shajara haina hakimu. Kifaa cha kusikia cha mama mkwe nimekikalia.

Nilikuwa namsomea makala yangu ya gazetini, kama kila Jumatatu. Sina msikilizaji kama yeye. Hakatizi, hapingi, anatikisa kichwa palepale panapostahili. Kwenye aya ya madai nilisimama, nikakunja ngumi, nikamaliza, nikaketi kwa kishindo. Kru! Kifaa kilikuwa kinafanya nini kwenye kiti changu badala ya sikioni mwake? Sijui. Labda alikuwa anakipumzisha.

Ubaya ni kwamba binti yetu amejifungua wiki iliyopita, huko aliko, safari ya siku mbili. Jumapili saa kumi atapiga simu ili bibi yake asikie sauti ya kitukuu. Mama mkwe ana miaka themanini na mmoja na hajawahi kuwa na kitukuu. Anahesabu siku kwa vidole.

Siku sita. Zinatosha kabisa.

Jumanne, 4 Machi

Nimewapigia watengenezaji. Binti mwenye sauti tamu akaniambia nikitume kwao, wiki tatu. Nikamwambia kitukuu hangoji wiki tatu. Akanipongeza. Nikaomba waniuzie kipuri nikiweke mwenyewe. Akasema vipuri haviuzwi kwa watu. Nikamuuliza basi vinauzwa kwa nani, kwa mbuzi? Akaniomba nisubiri kidogo. Nimesikiliza muziki dakika arobaini.

Jioni akaja shemeji, kaka wa mke wangu. Ndiye aliyemnunulia mama yao kifaa hicho, jambo ambalo hajawahi kulitaja, na ndilo linaloniudhi. Akasema tukitume leo leo. Nikamweleza kwamba watu wanaotuma kila kitu kwa mwenye kiwanda huishia kukodi vitu walivyokwisha kuvinunua. Akasema, "Sawa, shemeji, lakini Mama hasikii." Hoja dhaifu. Nimekificha kwenye droo ya soksi.

Jumatano, 5 Machi

Nimekifungua! Bisibisi ndogo ya kukazia miwani, basi. Skrubu moja tu. Watengenezaji, mko wapi?

Skrubu ikaruka.

Ni ndogo kuliko punje ya mtama. Nimetambaa sebuleni saa nzima. Mke wangu akaja kusimama mlangoni, akatazama, akavua viatu, akapiga magoti kando yangu na tochi. Tukapekua zulia uzi kwa uzi. Akasema mara ya mwisho sisi wawili kuwa chini hivi ni wakati nilipomfundisha binti yetu kutambaa. Nikamwambia mtoto hafundishwi kutambaa. Akasema, "Wewe ulimfundisha, baba watoto. Tena kwa kelele." Tukacheka mpaka tochi ikazimika.

Skrubu ilikuwa imenata gotini mwangu.

Alhamisi, 6 Machi

Chanzo nimekigundua. Ganda limepasuka, betri inacheza. Dawa: gundi. Nimeipaka kwa njiti ya kibiriti, kwa mkono wa daktari wa upasuaji. Nimebana dakika kumi. Kazi safi. Nimevionea huruma viwanda.

Nimempelekea mama mkwe, tena mbele ya shemeji, makusudi. Akakivaa. Nikauliza kwa sauti ya kawaida kama ananisikia. Akatabasamu. Nikauliza kama kinafanya kazi. Akatikisa kichwa kuwa ndiyo. Nikamgeukia shemeji, nikaanza hotuba. Shemeji akamuuliza mama yake, polepole, kama angependa chai au uji. Akatabasamu. Akatikisa kichwa kuwa ndiyo.

Hasikii kitu. Alikuwa ananihurumia.

Halafu nikataka kubadilisha betri. Kijilango chake hakifunguki. Nimekigandisha. Betri imo ndani kama mfungwa wa maisha.

Ijumaa, 7 Machi

Kwa fundi redio, pale kona. Sikushindwa. Nimekwenda kubadilishana mawazo.

Kibanda chake kina meza moja, taa moja, na makopo ya skrubu yaliyoandikwa kwa chaki. Akavaa miwani juu ya miwani. Kwa wembe na pumzi akang'oa gundi, akatoa betri, akaona kibati kilichopinda, akakinyoosha kwa pini. Dakika tano! Nilitaka kumbusu. Akasema ngoja. Akatoa kwenye droo kifaa kingine cha mteja, akakifumbata. Kikapiga mluzi. Akasema vyote vizima hupiga mluzi vikifumbatwa, ndiyo hali yake. Akafumbata cha kwetu. Kimya.

Akachungulia tena, akagusa kwa ncha ya pini. Gundi imeingia kwenye kinasa sauti, kitobo cha ukubwa wa jicho la inzi. Akaniambia kwa upole, kama anayetoa habari ya msiba: "Mzee, ulipokikalia ulikivunja mguu. Ulipokitibu ndipo ulipokiua."

Nikamuuliza kama anaweza kubadilisha hicho kinasa sauti. Akasema angeweza hata akifumba macho, ila watengenezaji hawamuuzii kipuri. Amewaandikia mara tatu. Barua zake anazo, kwenye kopo. Mtu mwenye mikono ile! Nilipiga meza. Skrubu zikaruka. Tumeziokota pamoja, na hakukubali kupokea malipo.

Jumamosi, 8 Machi

Shemeji amekuja kuchukua kifaa akitume. Amekizungushia pamba, akakitia kwenye kisanduku, akaandika anwani kwa herufi kubwa. Hakunicheka. Angenicheka ningejua pa kumshika.

Jambo gumu likabaki: kumwambia mama mkwe kwamba kesho hatasikia. Nikaketi mbele yake. Nikaanza kupaza sauti, Mama, nimekosa. Akainua kiganja. Akasema nisipige kelele, ananisikia.

Nikasema huna kifaa, Mama.

"Wewe nakusikia bila kifaa, baba. Hata majirani wanakusikia bila kifaa."

Ndipo ikatoka yote. Kila Jumatatu, nikichomoa karatasi mfukoni, yeye huchomoa kifaa sikioni. Miaka minne! Nilidhani anajikuna. Nikamuuliza basi anajuaje pa kutikisa kichwa. Akasema anatazama kidole changu. Kikipanda, hoja imefika. Na maneno? Akasema maneno yote anayapata na anayapenda. Ila kifaa kilikuwa kinaongeza chumvi kwenye bahari.

Nikauliza, kwa unyonge, ni akina nani basi asiowasikia bila kifaa. Akafikiri. Akasema, "Watu wapole." Kisha akaangalia vidole vyake, vile alivyohesabia siku. "Na watoto."

Sikula.

Jumapili, 9 Machi

Saa kumi kamili simu ikalia. Mke wangu alikuwa ameshalia kabla ya simu. Nikamnyang'anya simu.

Nimewaza usiku kucha. Kama Mama ananisikia mimi tu, basi mimi ndiye kifaa. Nikaweka simu kwenye sikio langu la kulia, mdomo wangu karibu na sikio lake la kushoto. Binti akaweka simu yake karibu na mtoto. Pumzi. Kitu kidogo. Nikatangaza: "Ana kwikwi!" Mama mkwe akauliza kwikwi ya namna gani. Nikamwonyesha.

Kisha mtoto akalia. Kilio utakitolea maelezo gani? Nimebishana na mawaziri gazetini, lakini hapo maneno yalinikimbia. Basi nikalia mimi. Kama alivyolia yeye, kipimo kwa kipimo: nyaa fupi, kimya, nyaa ndefu, inatetemeka mwishoni, inapanda, inakatika. Mke wangu akajifunika uso kwa aproni. Shemeji akaenda kutazama nje dirishani, na nje hakuna kitu, kuna ukuta.

Jirani akabisha hodi kuuliza nani amefariki.

Mama mkwe alikuwa amefumba macho. Akanishika mkono. Akasema, "Tena."

Nikalia tena. Mtoto akanyamaza, nami nikaendelea kidogo, maana nilikuwa nimeshaanza. Binti akauliza huko kwenye simu: huyo mtoto wa pili ni wa nani?

Jumatatu, 31 Machi

Kifaa kimerudi juzi, na barua: "Kilifunguliwa na mtu asiyeidhinishwa." Kilichobadilishwa ni kinasa sauti tu, kilekile alichokigusa fundi wa kona kwa ncha ya pini. Wiki tatu na muhuri! Shemeji amelipa na hasemi kiasi gani. Nitamsamehe polepole.

Jana Mama amezungumza na binti na kumsikia kitukuu kwa sikio lake mwenyewe. Alisikiliza muda mrefu, amefumba macho vilevile. Alipoweka simu akasema mtoto anaendelea vizuri, mashaallah. Ila yule wa Jumapili ile alikuwa anasikika zaidi.

Leo nimechomoa karatasi. Makala mpya, kuhusu vipuri. Akachomoa kifaa, bila kujificha sasa, akakiweka kiganjani mwangu na kuvikunja vidole vyangu juu yake, kimoja kimoja. Akasema, "Kishike wewe. Ukijua kilipo hutakikalia. Haya, soma, baba."

Nimesoma kwa mkono mmoja. Kidole kimepanda mara saba. Ametikisa kichwa mara saba.

Lakini kwenye aya ya pili nikasikia kitu. Kifaa kilikuwa kinapiga mluzi mkononi mwangu! Wiki tatu kwao, na tayari kina hitilafu. Fundi alisema vyote vizima hupiga mluzi vikifumbatwa. Fundi ni mtu mwema, anasema mengi. Mimi nasema skrubu imelegea.

Kwa hiyo, ninyi watengenezaji: muuzieni fundi wa kona vipuri vyake na mjibu barua zake tatu. Na ninyi wengine, mke wangu, shemeji, na wewe Mama, ambao najua mnasoma shajara hii nikienda kazini: bisibisi yangu ndogo haipo kwenye droo ya soksi tangu tarehe nane. Irudisheni. Leo. Nahitaji robo mzunguko tu.