Uzinduzi wa Kompyuta ya Sebuleni na Leseni Yake Halali

Mheshimiwa Mama Mkwe, Mgeni wetu Rasmi, uliyekubali kukatisha usingizi wako wa alasiri kwa maslahi ya teknolojia. Mheshimiwa Mama Mwenye Nyumba, mke wangu, Mtunza Funguo na msemaji wa mwisho katika kila jambo la familia hii. Ndugu yangu Shemeji, Kiongozi wa Kambi ya Upinzani, ninayekuona umekaa karibu na mlango kama ilivyo kawaida ya upinzani. Mama Mapazia, jirani yetu, mshonaji wa mapazia na mwakilishi wa nchi rafiki. Fundi wa kompyuta, mshauri mwelekezi, uliyepita kusalimia tu ukaambiwa ukae. Binti yangu wa pekee, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho na mlengwa mkuu wa mradi. Na paka, uliyelalia ukurasa wa tatu wa hotuba yangu: itifaki imezingatiwa.

(Makofi. Mama Mkwe anasema anasikia baridi na anauliza nani amechukua blanketi lake. Anaombwa avute subira.)

Ndugu wananchi wa sebule hii, leo ni siku ya kihistoria. Chini ya kitambaa hiki chekundu, nilichokitandika kwa mikono yangu mwenyewe na ambacho hakuna aliyeruhusiwa kukigusa tangu mchakato uanze, hata kwa nia ya kufuta vumbi (Mama Mwenye Nyumba: "Na vumbi lenyewe tunaliona"), ipo kompyuta ya familia, ambayo muda si mrefu nitaizindua kwa kubonyeza kitufe hiki hapa mbele ya macho yenu, ili vizazi vijavyo vije kuuliza ni nani aliyekibonyeza na wajibiwe bila kusitasita.

Naomba niwarudishe nyuma kidogo. Mtakumbuka kwamba kompyuta yetu ilianza kutoa maandishi ya kutisha kwenye kioo, kwamba mfumo wake endeshi, yaani ile programu kuu inayoiamsha mashine na kuiambia yeye ni nani, umezeeka na hautunzwi tena na waliouunda. Binti yangu akanijia nikiwa nanyoa ndevu, akasema, "Baba, kompyuta inakataa kufungua tovuti ya chuo. Tasnifu yangu iko humo, na isipofika chuoni kabla ya jioni ya siku ya mwisho, narudia mwaka mzima." Siku ya mwisho ni leo, na jioni ndiyo hii inayoingia. Mzazi mwingine, asiye na upeo, angemwita Fundi. Mimi niliunda kamati.

(Shemeji anacheka. Anatazamwa. Anakohoa.)

Cheka, Shemeji, lakini mtu aliyestaafu akiwa Naibu Mkurugenzi Msaidizi wa Uratibu wa Waratibu hawezi kukurupuka. Kamati ilikuwa na mwenyekiti, ambaye ni mimi. Katibu, ambaye kwa sababu za kubana matumizi alikuwa mimi. Na mwakilishi wa makundi maalumu, ambaye ni paka, na ninafurahi kuwaarifu kwamba mahudhurio yalikuwa asilimia mia moja, na maazimio yote yalipita bila kupingwa, isipokuwa moja ambalo paka alilitapikia. Tulifanya fizibiliti stadi, tukachora rodimapu, tukawahusisha mastekiholda wote kwa kuwaambia wanyamaze, na mwisho tukafika kwenye swali gumu ambalo limewashinda wengi: ukitaka kuipandisha hadhi kompyuta ya nyumbani, unanunua leseni ya aina gani?

Sikilizeni, maana hapa ndipo nilipokosa usingizi. Iko leseni ya kupandishia hadhi, ambayo ni ya bei nafuu lakini inataka uonyeshe kwamba ule mfumo wa zamani nao ulikuwa halali. Kamati ilipoanza kuulizia uhalali wa ule wa zamani, tuligundua kwamba uliwekwa na Shemeji.

(Vicheko. Shemeji anasogea karibu zaidi na mlango.)

Sitaki kulizungumza hilo, liko mezani kwa wahusika. Iko pia leseni ya dukani, inayokuja kwenye boksi zuri, ghali kidogo, ambayo ukibadilisha kompyuta unaihamisha, unakwenda nayo kama mtu anavyohama na godoro lake. Na iko leseni ya kiwandani, rahisi kwa bei, inayofungwa kwenye mashine moja tu maisha yake yote, na hasa inafungwa kwenye bodi mama, lile bamba kubwa la ndani ambalo kila kitu kimechomekwa juu yake. Hiyo haihami. Bodi mama ikiungua, na leseni imekwenda.

(Shemeji: "Na ile mifumo ya bure, Shemeji? Watu wanaipakua tu, haina leseni ya kununua." Fundi anatikisa kichwa kukubali.)

Nashukuru kwa swali zuri, ambalo sitalijibu. Serikali ya nyumba hii haiwezi kuzindua kitu cha bure, kwa sababu kitu cha bure hakina risiti, kisicho na risiti hakina faili, na kisicho na faili, ndugu zangu, nitakikatia utepe wa rangi gani?

(Makofi ya Mama Mkwe peke yake. Anapiga ili mikono ipate joto.)

Basi baada ya tafakuri pana, kamati iliamua kwa kauli moja, yangu, kwamba tuchukue leseni ya kiwandani. Tuliipenda kwa uaminifu wake. Inazaliwa na mashine, inaishi na mashine, haizururi. Lakini kiongozi ni mtu wa kuona mbele. Nilijiuliza: je, bodi mama ikipatwa na jambo? Umeme ukiruka, maji yakimwagika, paka akiamua kukojoa? Ofisi yangu haikukaa kimya. Ilichukua hatua madhubuti za ulinzi, ambazo kwa sababu za kiusalama nitazitaja mwishoni, wakati wa shukrani.

(Fundi anaacha kunywa chai. Anaitazama kompyuta iliyofunikwa. Binti ameziba mdomo kwa ukingo wa mtandio, mabega yanatikisika.)

Naona binti yangu anatokwa na machozi. Lia, mwanangu, hata mimi yalinitoka nilipokuwa naandika ukurasa wa nne. Impakti ya mradi huu haipimiki, lakini nimeipima: kasi ya nyumba hii itaongezeka kwa asilimia mia tatu na kumi na mbili, ugomvi wa kugombea kiti cha kompyuta utashuka hadi chini ya sifuri, na Mama Mapazia hatalazimika tena kutufungulia mlango wake kila mtu akitaka kuchapa karatasi, jambo ambalo limekuwa likitia doa uhuru wetu. Sasa naomba tusimame wote. Mgeni Rasmi anaweza kubaki ameketi.

(Wanasimama. Kitambaa kinavutwa. Paka anapiga chafya. Mzungumzaji anabonyeza kitufe kwa kidole cha shahada, halafu kwa gumba. Kimya.)

Mnasikia? Hamsikii kitu. Mifumo ya zamani ilikuwa inavuma kama mashine ya kusaga. Huu wa kisasa hausumbui majirani.

(Fundi: "Mzee, ngoja kwanza nifungue ubavuni." Anafungua ubavu wa kompyuta. Anachungulia. Anaingiza mkono hadi kwenye kiwiko. Shemeji naye anafungua ubavu wa pili, anachungulia, wanatazamana kupitia ndani yake. Vicheko vya muda mrefu.)

Utulivu, tafadhali. Utulivu. Hii inanileta kwenye shukrani.

Kwanza namshukuru Mama Mwenye Nyumba kwa kunikabidhi funguo za kabati bila kuuliza za nini, maana ndimo ilimo bodi mama, niliyoing'oa mwenyewe kwa bisibisi ya cherehani niliyoazima kwa Mama Mapazia, ambaye naye namshukuru, nikaihifadhi pamoja na vyote vilivyoshikamana nayo, mbali na umeme, mbali na maji na mbali na paka. Pili namshukuru Mgeni Rasmi, Mama Mkwe, kwa mchango wake mkubwa kuliko wa mtu yeyote, kwani bodi hiyo tangu wakati huo imelala ndani ya blanketi lake la sufu.

(Mama Mkwe: "Ala." Fundi: "La sufu? Mzee, sufu ikisuguana inatoa umeme. Hiyo bodi umeiua." Anakaa chini.)

Nimekusikia, Fundi, na ushauri wako umepokelewa. Wengine hapa mngehuzunika, mkasema bodi imekufa, leseni imekufa nayo. Hapo ndipo mnapokosea, na hapo ndipo uongozi unapoonekana. Leseni haijafa, ndugu zangu, kwa sababu haikuwahi kununuliwa. Sera yangu ilikuwa wazi: leseni ingenunuliwa mara tu mashine itakapowaka, na mashine ingewashwa mara tu leseni itakapokuwa salama. Kwa kutonunua chochote tumeiokoa leseni yetu kwa asilimia mia moja.

(Makofi, miluzi. Binti anainuka, anakuja mbele, anamnong'oneza mzungumzaji sikioni. Mzungumzaji anavua miwani, anaifuta, anaivaa tena.)

Nimearifiwa hivi punde, na nalisema hili nje ya hotuba iliyoandikwa. Nimearifiwa kwamba tasnifu ilikwisha kufika chuoni, kwamba mlengwa alikuwa na nakala yake kwenye flashi, na kwamba aliituma kwa kutumia kompyuta ya Mama Mapazia siku ileile nilipomaliza kuunda kamati. Nimemuuliza kwa nini hakusema. Amesema nilikuwa na raha mno. Amesema tangu nistaafu hajawahi kuniona nimefunga tai, hadi ilipokuja kamati hii.

(Mama Mwenye Nyumba anamnyooshea mzungumzaji tai.)

Naomba iandikwe kwenye kumbukumbu kwamba mwenyekiti amefurahi sana. Naomba pia iandikwe kwamba alikuwa na hofu kubwa kuhusu hii jioni, na kwamba hofu hiyo imeondoka. Basi tumalize kwa kaulimbiu. Nikisema leseni, mseme halali. Leseni!

(Wote: "Halali.")

Bodi mama!

(Wote: "Kabatini.")

Mradi!

(Wanatazamana. Shemeji, taratibu: "Haukuwepo.")

Na umekamilika kabla ya muda wake. Asanteni sana kwa kunisikiliza, asanteni kwa kutoniambia. Sasa, kama tunda la kwanza la mradi huu linaloshikika kwa mikono, Mtunza Funguo atafungua kabati na kumkabidhi Mgeni Rasmi blanketi lake.

(Kabati linafunguliwa. Mama Mkwe anajifunika hadi kidevuni. Makofi makubwa kuliko yote ya siku hiyo.)