Togwa Iliyolala

Siku aliyokufa Khelef, mgahawa wake pale Birkat al Mauz ulifungwa kabla ya adhuhuri, na wanaume waliokuja kwenye azaa kutoa pole walikaa wakisema mambo mawili: kwamba marehemu alikuwa mtu mwema, na kwamba togwa sasa basi tena. La kwanza walilisema kwa heshima. La pili walilisema kwa uchungu wa kweli.

Humoud alikaa karibu na birika la kahawa. Alikuwa mtu wa Aija, kule Sur, na kazi yake haikuwa na jina. Ukimwuliza alisema "biashara", na ukimwuliza biashara gani, alikuuliza hali ya wazee. Khelef hakumjua hata kwa sura. Alikuja kwa sababu kwenye azaa kuna wali, na kuna watu wenye huzuni, na mtu mwenye huzuni hahesabu chenji.

Ubavuni pake alikaa Marzouq, mwenye jengo la mgahawa, mtu wa safu ya mbele msikitini.

"Togwa ya Khelef nimeinywa miaka," Marzouq alimnong'oneza. "Lakini wanasema huko Pemba, ukiiacha ilale, inakuwa mambo mengine."

"Ikilala?"

"Nasema wanavyosema wao. Mie sijui."

Hakujua, lakini alilamba mdomo. Humoud aliuona ulimi ule, akajua riziki imebisha hodi.

Alingoja. Hata tapeli ana malezi. Eda ya mjane ilipokwisha, alifika kwa Bi Kaltham na boksi la halwa.

"Shikamoo, Bi Kaltham."

"Marahaba, mwanangu. Nani wewe?"

"Rafiki wa marehemu."

"Rafiki zake nnawajua wote."

"Mie ni yule aliyekuwa hasemi sana."

Kaltham alimtazama, kisha akamkaribisha kahawa. Alikuwa na shida moja tu, na mji mzima uliijua: Marzouq alitaka jengo lake mwisho wa mwezi, aweke duka la makava ya simu. Kaltham alitaka kubaki. Mbele ya jiko lile alisimama na Khelef tangu walipooana, yeye kushoto na mume kulia, na hakuwa na mahali pengine ambapo mume alikuwa bado kulia.

"Tufanye tamasha," alisema Humoud. "Togwa, na juisi ya tufaha za Jabal Akhdhar. Watu waje, Marzouq aone mgahawa una uhai. Wallahi, Bi Kaltham, sitaki hata baisa. Yote sadaka ya marehemu."

"Yote?"

"Yote."

"Basi nitaotesha mtama," alisema Kaltham.

Togwa ni uji uliotiwa unga wa kimea, yaani mtama uliooteshwa, ukawa mtamu wenyewe bila sukari. Ukiinywa mapema ni kinywaji cha watoto. Ukiiacha kwenye joto siku kadhaa, si cha watoto tena. Kaltham alipika, na Humoud akashika simu. Watu wote aliwatumia tangazo la Tamasha la Togwa na Tufaha. Wachache aliwapigia.

"Mbele tunauza iliyo macho," aliwaambia. "Nyuma ya pazia, kwa watu wazima, iliyolala."

"Imelala kweli?" aliuliza Marzouq.

"Habibi, hata haikoromi."

"Na tufaha?"

"Zimelala chumba kimoja."

Na hapa lazima Humoud atendewe haki: hakusema uongo. Usiku wa kuamkia tamasha aliyatia madumu ya togwa kwenye friji, akazima taa, akafunga mlango. Togwa ililala kama inavyolala togwa yoyote kwenye baridi, na ikaamka vile vile ilivyolala. Uzuri wa biashara ile ulikuwa kwamba aliyeibiwa hana pa kushitaki. Ataanzaje kumwambia askari, nimeuziwa kitu cha halali?

Alhamisi alasiri watu walijaa. Mbele walikaa kina mama na watoto. Nyuma ya pazia waliingia waheshimiwa mmoja mmoja, kila mmoja akijifanya anatafuta choo. Walikunywa. Hawakusikia kitu. Wakaangaliana, na hapana aliyetaka awe yeye peke yake asiyesikia kitu.

"Imeshapanda kichwani," alisema Anas, mwalimu mstaafu wa hesabu, akishika ukuta.

"Yako imefika kichwani tu?" alisema Marzouq. "Yangu imeshapita."

Marzouq hakupenda kushindwa hata kwa ulevi asioujua. Alikuwa amesikia kwamba walevi huwa wakarimu. Akafunua pazia, akatoka mbele za watu akiyumba.

"Kaltham, dada yangu," alisema kwa sauti iliyofika mpaka kwenye mfereji wa falaj. "Mgahawa huu wa Khelef. Kaa humu mpaka ufe. Kodi sitaki. Mashahidi hawa hapa."

Akajiegemeza kwenye nguzo, akafumba jicho moja.

Kaltham aliweka upawa chini. "Ahsante, kaka Marzouq. Lakini mbona unayumba?"

"Jua hilo," alidakia Humoud. "Mzee kachoka."

"Nnauliza kwa sababu togwa ya mbele na ya nyuma ni sufuria moja. Nimeipika mwenyewe jana, ikakaa kwenye friji. Tufaha zimekamuliwa asubuhi. Au kaka alidhani anakunywa kitu gani?"

Wote walimgeukia. Akisema amelewa, safu ya mbele imekwenda. Akisema alijifanya, hata safu ya nyuma hawatamtaka. Marzouq alisimama wima kama mnara.

"Siyumbi. Nilijikwaa."

"Kwa hiyo una akili zako timamu."

"Timamu."

"Na ulilosema umelisema."

"Nimelisema."

Humoud wakati huo alikuwa anaelekea kwenye gari lake, mfuko wa pesa kwapani, kwa mwendo wa mtu asiye na haraka.

"Na kijana huyu," alisema Kaltham, "aliniapia kwamba kila kitakachopatikana ni sadaka ya Khelef. Lete mfuko, mwanangu, watu wakuombee dua."

Waheshimiwa waliposikia kwamba bei ya dhambi yao imegeuka sadaka, waliinua mikono kabla ya wote.

"Amin," alisema Anas, ulevi umemtoka. "Mungu amlipe kijana huyu."

Humoud aligeuka, akarudi. Akautoa mfuko.

"Na zile pesa za mfukoni mwa dishdasha," Kaltham alisema polepole. "Na hizo pia za marehemu."

Akazitoa. Watu walipotawanyika, Humoud alimwuliza Kaltham, "Ulijua tangu mwanzo?"

"Hao hao wa nyuma ya pazia walikuwa wakimwuliza Khelef kila Alhamisi kama ipo iliyolala. Akiwajibu, haijalala, inasinzia tu."

Kaltham alicheka. Kisha akageuka kulia kwake kana kwamba kuna wa kucheka naye, akaanza kukusanya glasi. Humoud hakuaga.

Duka la makava ya simu halikufunguliwa. Mgahawa unafunguliwa saa kumi na mbili asubuhi, na Kaltham yuko peke yake jikoni.