Kamba Iliyomleta Mtamba

Jumatatu, 14 Julai

Siku ya kumi na saba ya ndoa. Fidelia amenichemshia maji ya kuoga kabla sijaomba. Njombe nzima inatetemeka kwa baridi, mimi natoka jasho la furaha.

Msimamizi wetu wa kazi kapiga simu. Ijumaa kuna ukaguzi wa kamba Makambako. Kila mmoja wetu tunaopanda juu ya paina kuchuma mbegu aje na yake. Atakayekutwa ameiharibu kwa uzembe atashushwa chini, aokote mbegu za paina na gunia, na miti yake mirefu apewe mpandaji mwingine, kama Lenard. Lenard anaitamani miti yangu tangu mwaka jana. Kamba yake anaitandikia turubai kama mtoto mchanga.

Tatizo dogo. Kamba yangu iko Igwachanya, shingoni mwa mtamba.

Alikuwa ng'ombe wa mwisho wa mahari. Ningempelekaje kwa kamba ya katani, kwa wazazi wa Fidelia? Yangu ni ya rangi ya chungwa, ina uzi wa bluu. Wakwe walipiga vigelegele. Nikaona aibu kuifungua.

Fidelia anawaambia wanakwaya wenzake kwamba mumewe hugusa mawingu. Nitamwambiaje kwamba mumewe huyo ataokota mbegu chini?

Mpango: kesho nakwenda na katani, nabadilisha kimyakimya.

Jumanne, 15 Julai

Nimefika Igwachanya kwa bodaboda, nikasema nimekuja kusalimia. Kamwene, kamwene, ugali, maharage. Kisha nikaomba kumwona ng'ombe. Mkwe gani mwingine ana mapenzi hivyo?

Fundo lilikuwa limeshalegea mkononi mwangu mama mkwe alipotokea nyuma. Nikasema namlegezea apumue. Akamwita mzee. Mzee Ezekieli, baba mkwe wangu, akaniuliza taratibu kama ndoa imenishinda. Kwao, alisema, kamba iliyomleta ng'ombe wa mahari haivuliwi mpaka azae. Anayeivua amekuja kuchukua ng'ombe wake na kurudisha binti.

Nilifunga upya. Mafundo mawili, aone nia yangu.

Hali ya kamba: inalala kwenye mkojo na sehemu moja imetafunwa. Mtamba alinitazama bila majuto.

Hata hivyo, nimerudi na gunia la viazi. Wakwe wananipenda.

Jumatano, 16 Julai

Mama mkwe kampigia Fidelia kumuuliza amekosa nini hata mumewe anadai ng'ombe. Nimemkuta kipenzi changu analia, akidhani anarudishwa. Ikabidi niseme ukweli wote.

Akafuta machozi. Halafu akauliza kama ni kamba hiyohiyo inayonishika juu ya paina. Nikasema ndiyo. Akauliza kama nilitaka awe mjane kabla hajamaliza kufungua zawadi za harusi. Nimeoa mwanamke mwenye mapenzi makubwa.

Mchana akaondoka, jioni akarudi na kamba yangu! Alikuwa amesuka nyingine kwa vipande vya kitenge chake cha sherehe ya kuagwa. Alimwambia baba yake kwamba binti mwenyewe akileta kamba, ng'ombe hajavuliwa, amebadilishiwa nguo. Mzee akacheka mpaka akakohoa. Sasa mtamba amependeza kuliko wasimamizi wetu wa harusi.

Fidelia kaniapisha: niipeleke ikaguliwe, lakini nisining'inie kwayo tena.

Alhamisi, 17 Julai

Nimeiosha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya mche, kama tulivyofundishwa. Mara tatu. Mara nne. Harufu haitoki. Na kwa ukungu huu haikauki.

Wazo la kipekee likanijia. Mahindi ya mbegu hukaa juu ya moshi jikoni mwaka mzima, hayaoni mdudu wala unyevu. Nikaining'iniza palepale katikati ya mahindi. Kufikia saa kumi imekauka. Harufu ya mkojo hakuna, inanukia kama nyama ya sherehe. Palipotafunwa nimepashona kwa uzi wa sweta la Fidelia, rangi ileile. Lenard atakoma.

Ijumaa, 18 Julai

Mkaguzi ni Bi Consolata. Anaipitisha kamba yote vidoleni, shibiri kwa shibiri. Ya Lenard ikapita. Yangu ilipofika alifumba macho, akanusa, akaniuliza kama nilikuwa napanda miti au nabanika mbuzi. Kisha akaukuta uzi, akauvuta. Lenard akauliza tangu lini kamba huvalishwa sweta. Wote wakacheka.

Akauliza kilichoitafuna. Ningesema panya. Nikamkumbuka Fidelia, nikasema ng'ombe. Akataka kujua ng'ombe alifikaje juu ya paina. Nikaeleza yote, kuanzia vigelegele.

Akaikata pale mbele yetu. Ndani nyuzi zilikuwa zimekatika nyingi, nyingine zikachomoka mkononi mwake kama nywele. Hakuna aliyecheka tena. Hata Lenard alinishika bega.

Bi Consolata akasema kila mwaka huletewa kamba zilizoungua na zilizolowa mafuta, na wote husema hawajui. Mimi ndiye wa kwanza kumpa historia nzima, na mkojo ndani yake. Uamuzi: napewa kamba mpya, ya kijani, ina uzi mweupe. Wiki mbili sipandi, nalinda stoo ya kamba. Nadhani yeye aliiita adhabu. Lakini funguo ninazo mimi, na Lenard atasaini kwangu kila asubuhi. Nimepandishwa cheo!

Fidelia kanikumbatia mlangoni. Kasema wiki mbili atakuwa na mume mwenye miguu yote miwili ardhini.

Jumapili, 20 Julai

Baada ya ibada kaja shemeji Elius, kaka yake Fidelia. Jumamosi naye anapeleka mahari yake Bulongwa, mtamba mwingine. Nikamuuliza atamfunga kwa nini. Kwa katani. Maskini, tena kwa wakwe wapya.

Kamba yangu ya kijani imelala tu kwenye mfuko, haina kazi wiki mbili. Nimempa. Nimemwonya vikali: isikanyagwe, isiguswe na mafuta, na mtamba ameniahidi kwamba si mtafunaji, maana nilikwenda kumkagua mwenyewe.

Desturi ya watu wa Bulongwa kuhusu kamba sikumuuliza. Sidhani kama wanayo.